Haki bila Kisasi: Namna Jamii Inavyopaswa Kuukabili Ugaidi na Misimamo Mikali ya Kidini

Tarehe 5 Mei 2013 waamini wa Olasiti, jijini Arusha, walikusanyika kuzindua parokia yao mpya iliyowekwa chini ya usimamizi wa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Pamoja nao walikuwapo Askofu Mkuu Francisco Montecillo Padilla, Balozi wa Baba Mtakatifu nchini Tanzania, na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Jimbo Kuu la Arusha. Bomu likarushwa kati ya watu. Watatu walifariki dunia na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Katika siku za mwanzo za upelelezi walikamatwa watu mbalimbali, wakiwamo wageni kutoka Falme za Kiarabu, ambao waliachiliwa baadaye.

Tukio hilo linaacha maswali mawili ambayo kila jamii iliyoumizwa hujiuliza. La kwanza: tumfanyeje aliyetenda uovu huu? La pili, ambalo mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini: tuwafanyeje wale wanaofanana naye kwa dini, kwa kabila au kwa asili? Makala hii inaeleza jibu la Kanisa kwa maswali yote mawili. Kwa ufupi, mhalifu akabiliwe kwa ukweli na kwa sheria, na hatia yake isibebeshwe mtu mwingine yeyote. Jamii inayoshika sehemu moja ya jibu hili na kuiacha nyingine huishia ama katika woga ama katika kisasi.

Kwa wakazi wa Bonde la Kilombero maswali haya si ya mbali. Ifakara ni mji wa njiapanda. Reli ya TAZARA hupita hapa, mashamba ya miwa huita vibarua kutoka mikoa mingi, na vyuo vya afya hupokea vijana wa kila pembe ya nchi. Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga wanaishi pamoja na Wasukuma na wengine waliokuja na mifugo au kutafuta ardhi ya mpunga. Makanisa na misikiti hutazamana, na koo nyingi zina Wakristo na Waislamu wanaozikana na kuozana. Amani ya namna hii ni tunu, nayo hulindwa kwa maarifa.

Maana ya maneno

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2297, inafundisha kwamba ugaidi, kwa kutisha, kujeruhi na kuua bila kuchagua, unapingana vikali na haki na upendo. Gaidi hamlengi aliyemkosea. Humpiga yeyote aliyepo ili wengi waogope na kuanza kushukiana. Kwa hiyo walengwa wa bomu ni zaidi ya wale waliosimama karibu nalo.

Misimamo mikali, au ushupavu wa kidini, ni hali ya moyo inayotangulia ugaidi, ingawa si kila mwenye msimamo mkali hufikia kuua. Isichanganywe na imani thabiti. Mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887, walikuwa na imani isiyoyumba, lakini hawakumwaga damu ya mtu. Shahidi yuko tayari kufa kwa ajili ya Mungu. Mshupavu yuko tayari kumwua mwingine akidai anamtetea Mungu, kana kwamba Mwenyezi anahitaji mlinzi mwenye panga. Mtu anayefunga, anayesali mara nyingi, anayevaa kwa stara au anayeshika sana mapokeo ya dini yake hajawa mshupavu kwa sababu hiyo.

Yaliyotupata katika Afrika Mashariki

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au njiani, Wakristo kwa Waislamu. Huko Nairobi wengi walipoteza macho, kwa kuwa walikuwa wamesogelea madirisha baada ya kusikia kishindo cha kwanza, ndipo vioo vikawarukia.

Zanzibar, mnamo Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi mwaka huo huo Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kuadhimisha Misa ya Dominika. Ifahamike kwamba katika mfululizo huo sheikh alitangulia kuumizwa, ndipo wakafuata mapadre.

Nchini Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga Wakristo kwa makusudi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu wa serikali. Miongoni mwa waliohukumiwa mwaka 2019 kwa kuhusika na mauaji hayo alikuwamo kijana Mtanzania. Kwa hiyo si kweli kwamba uovu huu hutoka ng'ambo tu, wala kwamba huwapata wasiosoma peke yao.

Karibu zaidi nasi ni yaliyotokea chini ya mto. Maji ya Kilombero yakikutana na yale ya Luwegu huunda Mto Rufiji, unaoshuka hadi Kibiti na bahari. Mwaka 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu walioitwa wasiojulikana waliwaua viongozi wa vijiji na askari mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo. Eneo hilo lina wakazi wengi Waislamu, na hofu ilikaa katika nyumba zao kwanza. Oktoba mwaka huo huo vita vya waasi vilianza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara.

Kanisa lafundisha nini

Kwanza, jamii ina haki na wajibu wa kujilinda. Katekisimu, kifungu cha 2265, inasema kwamba kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine kujilinda si haki tu bali ni wajibu mzito. Askari anayelinda kijiji, hakimu anayetoa hukumu na raia anayetoa taarifa ya kweli wanatumikia amani. Kugeuza shavu la pili ni uamuzi wa mtu juu ya shavu lake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kugeuza shavu la mtoto wa jirani.

Pili, hatia ni ya mtu binafsi. Mtakatifu Yohane Paulo II aliyasema haya kwa uwazi katika ujumbe wake wa Siku ya Kuombea Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani. Alifundisha kwamba wahalifu watambuliwe ipasavyo, na kwamba hatia yao haiwezi kupanuliwa hadi kwa taifa, kabila au dini wanayotoka. Katika ujumbe huo huo alieleza kwamba hakuna amani pasipo haki, wala hakuna haki kamili pasipo msamaha.

Tatu, msamaha haufuti haki. Papa huyo alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Desemba 1983 alimtembelea gerezani Mehmet Ali Ağca, aliyempiga, akazungumza naye ana kwa ana. Ağca aliendelea kutumikia kifungo nchini Italia hadi mwaka 2000. Aliyesamehe alisamehe kwa moyo wote, na mahakama ilifanya kazi yake. Haki inayomwacha mkosaji hai inamwachia pia nafasi ya kutubu. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 Katekisimu inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe.

Injili nayo inatuonya kwamba ushupavu unaweza kuota hata miguuni pa Bwana. Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Yesu, Yakobo na Yohane walitaka moto ushuke kukiteketeza. Bwana aliwakemea, kisha wakaenda kijiji kingine (Lk 9:51-56). Wale hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Yesu, na kwa kumpenda vibaya wakawa tayari kuwachoma moto wanakijiji pamoja na watoto wao. Mkulima wa mpunga wa bonde letu anaelewa pia mfano wa ngano na magugu (Mt 13:24-30). Kuna magugu yanayofanana na mpunga yakiwa machanga. Anayepalilia kwa hasira hung'oa chakula cha mwaka mzima.

Hasara ya kuwahukumu wengi kwa kosa la mmoja

Je, mafundisho haya yanafaa kitu mbele ya watu wenye bunduki? Tutazame lililotokea tarehe 21 Desemba 2015 karibu na Mandera, kaskazini mwa Kenya. Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawaamuru Waislamu na Wakristo wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa. Walikwisha kuwapa wanawake Wakristo hijabu ili wasitambulike, na wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Mauaji ya halaiki hayakufanyika siku ile kwa sababu abiria walikataa kugawanyika, na ugaidi hauna nguvu nyingine kubwa kuliko kugawanya.

Kinyume chake pia kina ushahidi. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa mwaka 2017 utafiti uliowahoji watu waliokuwa wamejiunga na makundi ya kigaidi barani Afrika. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Asilimia 57 walikiri kwamba walielewa maandiko ya dini yao kidogo sana au hawakuyaelewa kabisa. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba msako usiochagua huwaongezea magaidi askari, na kwamba mafundisho mazuri ya dini, yawe ya katekisimu au ya madrasa, ni kinga.

Haki iliyocheleweshwa nayo ni jeraha. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, wakakaa mahabusu miaka mingi bila kesi kufikia hukumu, hadi Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa. Mtu hahitaji kukubaliana na mihadhara yao ili kuona kwamba miaka hiyo haikumpa yeyote haki: washtakiwa hawakuhukumiwa wala kusafishwa na mahakama, na umma haukuusikia ushahidi wowote ukipimwa. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hajathibitishwa kuwa hivyo. Mkristo anapodai haki hiyo kwa Mwislamu, anailinda pia kwa ajili yake mwenyewe.

Jambo hili tunalijua hata pasipo mabomu. Ng'ombe wakiingia shambani usiku na kumaliza mpunga, hasira huamka asubuhi na kumtafuta mfugaji yeyote, hata yule ambaye mifugo yake haikutoka zizini. Mkulima akimpiga mtoto wa mfugaji, kesho yake mkulima asiyehusika hulipa. Anayejizoeza kusema “wote ni hao hao” juu ya wafugaji au wakulima ameshaandaa moyo wake kusema vivyo hivyo juu ya Waislamu au Wakristo siku bomu litakapolipuka.

Ushupavu wa nyumbani mwetu

Lingekuwa kosa kudhani kwamba ushupavu ni ugonjwa wa dini nyingine. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Walikuwa wafuasi wa Kikundi cha Kurudisha Amri Kumi za Mungu, kilichoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba za viongozi. Kikundi hicho kilizaliwa miongoni mwa Wakatoliki, kilidai maono ya Bikira Maria, na padre aliyekuwa ameasi mamlaka ya Kanisa alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa.

Kutokana na matukio hayo tunaweza kujifunza dalili za hatari. Kiongozi haulizwi swali, na anayeuliza huitwa msaliti. Waumini huambiwa wauze mali zao na kukabidhi fedha. Watoto huondolewa shuleni, na wagonjwa hukatazwa hospitali. Mawasiliano na ndugu hukatwa. Tarehe ya mwisho wa dunia hutangazwa, na ikipita hutangazwa nyingine. Wasio wa kundi hudharauliwa kama watu waliokwisha kupotea. Kundi lenye dalili hizi litazamwe kwa tahadhari hata likiwa na rozari mkononi, na paroko ajulishwe mapema.

Wajibu wa kila mmoja

Familia ndiyo ya kwanza kuona. Kijana anapobadilika ghafla, akawachukia rafiki zake wa zamani, akaficha simu na safari zake, au akaahidiwa kazi nono mbali bila maelezo yanayoeleweka, wazazi wazungumze naye kabla ya kumkaripia. Baba wa mshambuliaji wa Garissa alikwisha kutoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka. Alitimiza wajibu mgumu, na mzazi wa namna hiyo anastahili kusaidiwa badala ya kutengwa.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe mahali ambapo uvumi unakoma. Picha za maiti na ujumbe wa kuchochea chuki hufika katika simu kabla ya ukweli. Mwanajumuiya asisambaze asichokithibitisha, wala asisambaze picha za marehemu hata kama ni za kweli. VIWAWA na TYCS wanaweza kuandaa michezo, kazi za mikono na midahalo pamoja na vijana Waislamu, maana aliyecheza mpira na mtu ni vigumu kumwamini anayemwambia kwamba mtu huyo ni adui.

Parokia nayo iwe na busara ya ulinzi. Wahudumu wa mlangoni wawafahamu waamini, mizigo isiyo na mwenyewe iulizwe, na mikusanyiko mikubwa ipangwe pamoja na polisi na serikali ya mtaa. Haya yafanyike kwa heshima, mgeni asifanywe mshukiwa kwa sababu ya mavazi yake. Mapadre na masheikh wa eneo moja wafahamiane wakati wa amani na wawe na namba za simu za wenzao, ili siku ya taharuki wasimame pamoja mbele ya watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwahimiza Wakristo na Waislamu kujitahidi kuelewana na kutetea haki na amani kwa pamoja. Tarehe 4 Februari 2019, Abu Dhabi, Papa Fransisko na Sheikh Ahmad al-Tayyeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar, walitia saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu inayokataa matumizi ya jina la Mungu kuhalalisha mauaji.

Serikali inadaiwa ulinzi, upelelezi wa kweli na mahakama zisizochelewa. Raia anadaiwa taarifa za kweli kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, si uongo wa kulipiza ugomvi wa mpaka wa shamba. Kumsingizia mtu ugaidi ni kuvunja amri ya nane, na kunaweza kumwangamiza asiye na hatia.

Mwisho, tusiwasahau walioumizwa. Vyombo vya habari huondoka baada ya siku chache, lakini aliyepofuka Nairobi mwaka 1998 bado anaongozwa kwa mkono, na mjane wa Olasiti bado analea. Kuwaandikia, kuwalipia watoto wao ada, kuwahudumia kwa miaka na kuwaombea marehemu wao katika Misa ni sehemu ya jibu la jamii kwa ugaidi. Kati ya waliouawa wamo Wakristo na Waislamu, na maombi ya Kanisa yanawataja wote.